Hajati wa Maabara: Namba Imepanda, Nimeze Ngapi?

Nilipogusia juzi habari ya tezi ya shingoni, ile thairoidi inayokaa chini ya koromeo, sikutarajia mrundikano huu wa barua. Mhariri kaniletea bahasha imefura, na nyingine zimeingia kwenye simu yake zikiwa picha. Nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: namba imepanda, niongeze kidonge? Namba imeshuka, niache?

Kwa msionijua, mimi ni mtu wa maabara, sasa nimestaafu. Baba yangu alikuwa askari, nikakulia kambini Jinja, na ndiko nilikookota Kiswahili hiki kabla ya shule kukinyoosha. Miaka yangu yote ya kazi nimetoa watu damu na kusoma mashine. Dawa sijawahi kuandika na leo sitaanza. Dozi inatoka kwa daktari wako. Ninachoweza ni kukusomea karatasi na kukuambia umpelekee maswali gani.

Ombi moja kabla hatujaanza. Mkituma picha ya majibu, msiikate pembeni. Kuna walioniandikia "TSH yangu ni 6" basi (TSH ni kipimo cha tezi, nitakieleza hapa chini), wakaweka nukta. Nataka tarehe, jina la kipimo, kizio chake, na ule upande wa kulia penye viwango vya kawaida vya maabara hiyo. Halafu mniambie kidonge mnakimeza saa ngapi na mnakishushia na nini. Hilo la mwisho mara nyingi huniambia mengi kuliko mashine.

Nakufa au napona?

*Shikamoo Hajati. Nauza vitenge hapa Mbale, nina miaka 41 na kilo 62. Tezi yangu ni mvivu, nameza levothairoksini, homoni ya tezi ya kidonge, mikrogramu 100. Januari TSH ilikuwa 2.8 na T4 huru 1.1, nikaambiwa niko sawa. Juni nikachoka sana, nikapima maabara nyingine iliyo karibu na stendi: TSH 9.6, T4 huru 14.2. Daktari akanipandisha hadi 125. Baada ya wiki tatu wasiwasi ukanishinda, nikapima tena: TSH 7.1. Muuza dawa ananishauri nimeze 150. Kidonge nakimeza saa kumi na moja alfajiri na chai ya maziwa kabla ya kwenda sokoni, pamoja na vidonge vya kuongeza damu nilivyoandikiwa Aprili. T4 imeruka kutoka 1 hadi 14, na TSH nayo inapanda. Nakufa au napona?* (Mama Vitenge)

Marahaba, mwanangu. Hufi. Barua yako nimeiweka mbele kwa sababu imebeba maswali ya nusu ya bahasha.

Tuanze na hiyo T4 iliyokutisha, yaani homoni yenyewe ya tezi. Haikuruka popote. Maabara ya kwanza imeandika kwa nanogramu katika desilita moja, ya pili kwa pikomoli katika lita moja. Chukua 1.1 yako ya Januari, izidishe kwa 12.87, utapata 14.2. Ni kiasi kilekile cha homoni kilichoandikwa kwa vizio viwili. Karatasi zako zote nimeziangalia: kizio kipo, ila kimechapwa kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, na ile ya stendi kimefunikwa na mhuri. Maabara zinazofanya hivyo zinanikera. Mgonjwa anakwenda nyumbani na hofu ambayo mstari mmoja ungeiondoa.

Sasa TSH, hiyo ndiyo iliyopanda kweli. TSH haitoki kwenye tezi ya shingo. Inatoka kichwani, kwenye tezi ndogo ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza tezi ya shingo itengeneze homoni. Mfikirie kondakta wa teksi pale stendi. Gari likiwa tupu anapaza sauti mpaka mishipa ya shingo inamtoka: "Kampala! Kampala!" Abiria wakijaa, ananyamaza. Gari ni damu yako, abiria ni T4, kelele ni TSH. Kwa hiyo TSH kubwa maana yake homoni ni chache, na TSH ndogo sana maana yake homoni zimefurika. Watu wengi hulisoma hili kinyume, wakaona namba kubwa wakadhani dawa imezidi, wakaacha kumeza. Na huyu kondakta ana jicho kali: viti viwili tu vikibaki wazi anaanza kupiga kelele, wakati T4 kwenye karatasi bado inaonekana ya kawaida. Ndivyo ilivyo kwako. Maabara nyingi huweka kawaida ya TSH kati ya 0.4 na 4 hivi, wewe uko juu ya hapo, na T4 yako bado imo ndani ya mstari.

Swali ni kwa nini ilipanda wakati dozi haikubadilika. Nilisoma barua yako nikaenda vizuri mpaka kwenye neno Aprili, hapo nikasimama. Januari uko sawa, Aprili unapewa vidonge vya madini ya chuma, Juni TSH imepanda. Na vyote unavimeza kwa mkupuo mmoja alfajiri! Madini ya chuma hukutana na levothairoksini tumboni yakaishika, ikapita bila kuingia kwenye damu. Kalsiamu hufanya hivyohivyo, na baadhi ya dawa za kutuliza kiungulia. Maziwa ya kwenye chai nayo yana kalsiamu yake. Kwa hiyo inawezekana sana kwamba kisanduku kiliandikwa 100 na mwili ukapata pungufu ya hapo.

Angalia pia uzito wako. Mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi tena huhitaji takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo kwa siku. Kilo 62 mara 1.6 ni 99. Ile 100 ya mwanzo ilikukaa kama nguo ya kupimwa. Mtu wa uzito wako anapoambiwa apande hadi 150, mimi kabla ya kuilaumu tezi ningeuliza kidonge kinapotelea wapi njiani.

Hapo ndipo pana mtego ninaotaka uuone vizuri. Ukisoma jibu hili kesho ukavitenganisha vidonge, mwili utaanza kuipata dawa yote. Ikiwa wakati huo unameza 125, au Mungu apishie mbali 150, utatoka kwenye upungufu uingie kwenye wingi: moyo kwenda mbio, jasho, mikono kutetemeka, usingizi kukimbia. Ikidumu, moyo unaweza kupoteza mpigo wake na mifupa ikapungua nguvu, hasa kwa mwanamke anayekaribia kukoma hedhi. Kwa hiyo usitenganishe kimyakimya. Nenda kwa daktari na kisanduku cha vidonge vya damu mkononi, mwambie, "Tangu Aprili nilikuwa nameza hivi pamoja." Yeye ataamua kama urudi 100 au la. Nadhani hakuuliza, na wewe hukusema. Foleni ya kliniki inajulikana.

Kuhusu kile kipimo cha wiki tatu, ulitupa pesa. T4 hukaa kwenye damu muda mrefu. Nusu ya kiasi chake huondoka kwa siku saba hivi. Ukibadilisha dozi leo, damu inachukua zaidi ya mwezi kutulia kwenye kiwango kipya, na pituitari nayo hujivuta kubadilisha sauti. Ndiyo maana hupimwa baada ya wiki sita hadi nane. Ile 7.1 ni picha ya gari likiwa bado linapakia abiria, na kupandisha dozi kwa picha hiyo ni kubahatisha. Muuza dawa wako anaweza kuwa mtu mwema. Kwa hili asubiri.

Ratiba ninayokupendekezea umwonyeshe daktari ni hii. Saa kumi na moja ukiamka, kidonge cha tezi na maji matupu, bilauri nzima. Uoge, uswali au usali, ufunge mizigo yako ya vitenge. Chai isubiri dakika thelathini, na ikifika saa nzima ni bora zaidi. Kahawa nayo huipunguza dawa, hata ya rangi. Vidonge vya damu vihame mchana na chakula, angalau saa nne baada ya kile cha tezi, na hapo pia chai iwe mbali, maana majani ya chai hayapatani na madini ya chuma. Siku ya kupima, toa damu kwanza ndipo umeze kidonge, kwa sababu saa chache baada ya kumeza T4 hupanda kidogo na kukudanganya. Na chagua maabara moja, ubaki nayo.

Neno la mwisho kwako. Ule uchovu wa Juni usiubandike wote kwenye tezi. Mtu aliyepewa vidonge vya damu Aprili alikuwa na damu pungufu, na damu pungufu peke yake inatosha kumlaza mtu juu ya robota la vitenge. Muulize daktari kama damu imepimwa tena.

Daktari amekosea, TSH bado haionekani

*Salaam Hajati. Mimi ni mwalimu, Kasese. Mwanzoni mwa mwaka nilikonda, moyo ukawa unakimbia, mikono ikatetemeka hata ubaoni siandiki mstari ulionyooka. Machi: TSH chini ya 0.01, T4 huru 58, maabara inasema kawaida ni 12 hadi 22. Nikaambiwa ni ugonjwa wa Graves, nikaanza kabimazoli, dawa ya kutuliza tezi, miligramu 40 kwa siku na dawa ya kupunguza mwendo wa moyo. Baada ya miezi mitatu T4 ni 15, kilo zimerudi, lakini TSH bado ni chini ya 0.01. Daktari kapunguza kabimazoli hadi 15. Naona kakosea, nataka kurudi 40. Pia majirani wanasema ni chumvi ya ziwa Katwe. Tanbihi: wiki hii nina homa na koo linauma, nimeshameza dawa ya malaria.*

Mwalimu, wewe ungemfokea mwanafunzi aliyeweka jambo kubwa kwenye tanbihi.

Barua hii ilikuwa na namba ya simu, nami sikungoja gazeti lichapwe. Nilimpigia nikamwambia: leo usimeze kabimazoli, nenda hospitali sasa hivi, sema neno kabimazoli mlangoni, uombe hesabu kamili ya chembe za damu, ile wanayoiita CBC. Akaniuliza, "Kwa homa tu, Hajati?" Ndiyo, kwa homa tu. Hapa kwetu kila homa ni malaria mpaka ithibitike vingine, na mara nyingi tunapatia. Lakini mtu anayemeza kabimazoli ana sababu nyingine ya kuogopa homa na koo. Kwa watu wachache, labda mmoja katika mia kadhaa, dawa hii huzifuta chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu, tena zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo. Kipimo cha kawaida cha mwezi uliopita hakikulindi, kwa sababu zinaweza kuporomoka kwa siku chache. Nimewahi kuchungulia slaidi ya namna hiyo kwenye hadubini: unasogeza kioo, unasogeza, chembe nyekundu tele, na zile nyeupe zenye viini vilivyogawanyika unazitafuta huzioni. Ni slaidi ya kumkimbilia daktari nayo, usingoje iandikwe kwenye kitabu.

Ya mwalimu ilitoka salama. Chembe nyeupe zilikuwa za kutosha, malaria haikuonekana, koo lilikuwa koo tu, na daktari akamruhusu kuendelea na dawa. Nanyi wengine mnaomeza kabimazoli mkate kipande hiki mkibandike kabatini: homa, koo kuuma au vidonda mdomoni, acha dawa na upime damu siku ileile. Macho yakigeuka manjano au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, vivyo hivyo.

Sasa swali lako lenyewe. Daktari hakukosea. Tezi ilipokuwa inamwaga homoni ovyo, kondakta wetu alinyamaza kwa miezi. Abiria wakipungua hapati sauti siku hiyohiyo. Pituitari iliyokandamizwa kwa muda mrefu inaweza kuchukua miezi kadhaa ndipo TSH ionekane tena. Katika kipindi hiki daktari anafuata T4, na T3 pia, homoni nyingine ya tezi, kila baada ya wiki nne hadi sita. T4 yako imetoka 58 hadi 15. Ungebaki na 40 mpaka TSH ipande, T4 ingepita chini ya mstari, ungevimba uso, ungeona baridi hata kwenye jua la Kasese, na tezi ingeweza kuongezeka ukubwa. Kupunguza dozi T4 ikishatulia ndio mwendo wenyewe. Kwa kawaida dawa hii huendelea kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya kujaribu kuiacha, kwa hiyo usiwe na haraka. Na swali la kumuuliza daktari siku hiyo ikifika ni kama atapima kingamwili za tezi, zile zinazoichochea, kabla ya kukuachisha, kwani zikiwa bado nyingi ugonjwa hurudi kwa urahisi.

Chumvi ya Katwe haikukupa Graves. Graves ni kinga ya mwili wako kuishambulia tezi na kuichochea. Majirani wanachanganya na rovu, uvimbe wa shingo wa ukosefu wa madini joto, ambao milimani kwenu na Kigezi wazee wanaujua sana kwa kuwa mvua imeosha iodini kwenye udongo. Kwa ajili hiyo chumvi ya dukani inatiwa iodini. Tumia hiyo ya kawaida jikoni, ifunike vizuri, usiikaange. Ila mtu akikuletea matone ya iodini kuwa ni tiba ya tezi, mkatalie. Kwa tezi kama yako ni petroli kwenye moto.

Mama mkwe ameniachisha

*Hajati, niko Arua, mimba ya wiki tisa. Nameza levothairoksini 75. Mama mkwe kasema dawa zote niache mpaka miezi mitatu ipite, mtoto asidhurike.*

Binti yangu, mheshimu mama mkwe kwa kila kitu isipokuwa hiki. Ukisoma hapa, kimeze kidonge chako na kesho uwe kliniki. Wiki hizi za mwanzo mtoto hana tezi ya kumtosha. Anategemea homoni yako, na ubongo wake unajengwa nayo. Levothairoksini ni homoni ileile ambayo mwili wako ungeitengeneza, si kitu kigeni kwa mtoto. Zaidi ya hapo, mjamzito huhitaji zaidi ya kawaida. Madaktari wengi huongeza kati ya robo na theluthi ya dozi mara tu mimba inapojulikana. Wengine humwambia mama ameze vidonge tisa kwa wiki badala ya saba. Kiasi chako atakitaja daktari, ila mwambie afanye upesi. TSH ipimwe kila wiki nne mpaka katikati ya mimba, na lengo huwa chini ya 2.5 au hapo jirani. Ukijifungua, dozi hurudi ilikokuwa, unapimwa baada ya wiki sita hivi, na kunyonyesha hakuna kizuizi.

Kliniki ya wajawazito watakupa vidonge vya madini ya chuma. Soma jibu la Mama Vitenge.

Dada zangu mnaomeza kabimazoli, kwenu ni tofauti. Ukipanga kuzaa, au siku zikichelewa, daktari ajue mara moja, kwani wiki za mwanzo inaweza kumdhuru mtoto na kuna dawa nyingine ya kubadilisha.

Ramadhani

*Asalaam aleikum Hajati. Bombo hapa. Mwezi wa funga kidonge cha tezi nakiweka wapi?*

Waaleikum salaam. Kina nafasi mbili. Moja ni usiku wa kulala, tumbo likiwa halina chakula kwa saa tatu. Nyingine ni kabla ya daku kwa nusu saa hadi saa nzima. Vitabuni zote zinakubalika. Mimi ya usiku siiamini, kwa sababu nawajua watu wa Bombo na najijua mwenyewe: umefuturu saa moja, umerudi kwenye tarawehe, kuna sambusa zimebaki na chai ya tangawizi iko mezani, na saa tatu za tumbo tupu hazijawahi kutimia. Weka kidonge na maji karibu na kitanda, simu ikulize saa kumi kasorobo, umeze, urudi kulala kidogo au uswali, daku saa kumi na nusu. Ukichagua njia moja, mwezi mzima iwe hiyohiyo. Na TSH usiipime katikati ya Ramadhani ukaitumia kubadilisha dozi. Ngoja wiki sita baada ya Idi ukiwa kwenye mazoea yako.

TSH 5.6 kwa kijana wa miaka 29

Huyu wa Ntinda kapima "mwili mzima" kwa ofa, akatoka na TSH 5.6 na T4 ya kawaida, akaambiwa atameza dawa maisha yake yote. Barua inasema pia kwamba alikuwa ametoka kulazwa kwa taifodi wiki mbili nyuma. Kijana, mtu anayepona ugonjwa mkali TSH yake inaweza kupanda kidogo kisha ikashuka yenyewe. Tena TSH huwa juu zaidi usiku na alfajiri, na chini mchana. Rudia baada ya miezi miwili au mitatu, maabara ileile, saa zilezile, na uombe kingamwili za tezi zipimwe pamoja. Ikipita 10, au ukiwa na dalili, hapo kuna mazungumzo ya dawa. Namba moja iliyozidi mstari kidogo haitoshi kumfunga mtu maisha.

Sina dalili hata moja

*Hajati, nina saluni Wandegeya. TSH 0.09, T4 huru 31. Nimeandikiwa kabimazoli lakini bado sijanunua, maana sisikii chochote: nalala, nakula, moyo shwari. Dawa ninayomeza ni ya kukuza nywele tu.*

Hiyo "tu" ndiyo niliyokuwa naitafuta. Geuza kopo usome nyuma. Umeniandikia ni vitamini ya bayotini, mikrogramu 10,000, wakati mtu mzima anahitaji kama 30 kwa siku. Kwa nywele haina neno, lakini mashine nyingi za homoni hutumia bayotini kama gundi ndani ya kipimo chenyewe. Damu ikiwa imejaa bayotini ya kopo, gundi ile inavurugika: TSH inasomeka ndogo kuliko ilivyo, T4 inasomeka kubwa. Karatasi inatoka inafanana kabisa na ya mwalimu wa Kasese, na mgonjwa anatembea mzima. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya jambo hili mwaka 2017, na bado nakutana na maabara ambazo hazimuulizi mtu kama anameza vitamini.

Sikuambii kwamba tezi yako ni nzima, kwa sababu sijui mashine iliyotumika, na wapo watu ambao tezi imechachamaa bila wao kujisikia. Kabla ya kununua kabimazoli, mrudie daktari na lile kopo. Mwombe uache bayotini siku tatu, upime tena TSH, T4 na T3. Zikitoka vilevile, basi tezi ina kesi na mtaendelea. Na kwa kuwa umesema makopo hayo unayauza hapo saluni, waambie wateja wako waseme wanayameza kila wanapokwenda kutolewa damu, hata kama kipimo si cha tezi.